Mchoro Usio na Sura ya Kitu

Mtu aonapo mchoro, neno la kwanza limtokalo kinywani aghalabu ni swali: "Hiki ni nini?" Akijibiwa kuwa ni ng'ombe, au mti, au nyumba, moyo wake hutulia, akaanza kupima kama mchoraji amefaulu kumfananisha ng'ombe na ng'ombe. Akijibiwa kuwa si sura ya kitu cho chote, hucheka, au huona amedhihakiwa, akageuka akaenda zake. Hata darasani mambo ni hayo hayo: mtoto achoraye duara ndani ya duara huambiwa anachezea karatasi, na mwenzake achoraye jogoo hupewa alama.

Nia ya insha hii ni kuonyesha kuwa iko michoro ambayo swali hilo haliwezi kuifungua, kama vile ufunguo wa sanduku usivyoweza kufungua mlango. Michoro hiyo yataka swali jingine: "Hapa palitendwa nini, kwa mwendo gani, na kwa mikono ya nani?" Wala hatuna haja ya kusafiri mbali ili kuitafuta. Iko Kenya, katika Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda, na umri wake ni mkubwa kuliko umri wa mpaka wenyewe.

Malaba na Busia ni malango mawili ya nchi. Hapo hupita malori yatokayo Mombasa na Nairobi yakielekea Kampala na Kigali na hata Kongo. Na kwa Malaba hupita reli, ambayo mwaka wa 1931 ilifika Kampala. Watu wa mahali hapa wamezoea wageni wenye haraka. Dereva hungoja karatasi zake zipigwe mhuri, mbadili fedha huhesabu noti zake, mwenye pikipiki huita abiria, na macho ya kila mmoja yako barabarani. Ni wachache wanaogeuka kutazama vilima vya mawe vilivyo katika nchi ya Wateso, ambako ardhi huanza kupanda kuuelekea Mlima Elgon. Vilima hivyo huitwa Chelelemuk, na miongoni mwa mawe yake upo mwamba wa Kakapel.

Mwamba huo ni wa matale, nao umeinama kwa juu mfano wa paa la nyumba, hata chini yake pana kivuli wakati wa jua na pahali pakavu wakati wa mvua. Mwaka wa 2004 ulitangazwa kuwa ukumbusho wa taifa la Kenya. Sababu ya heshima hiyo ni ukuta wake. Asimamaye mbele ya ukuta huo huona rangi nyekundu na nyeupe, mistari juu ya mistari, na umbo juu ya umbo, mpaka jicho lisijue pa kuanzia.

Wachunguzi wa mambo ya kale husoma kazi ya watu wa namna tatu katika ukuta huo. Kazi ya kwanza ni duara zilizo ndani ya duara, na maumbo mengine ya mistari yasiyofanana na kiumbe wala chombo. Hiyo hudhaniwa kuwa kazi ya wawindaji na warina asali, watu wa jamaa moja na wale waitwao Watwa, walioishi katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria kabla ya wakulima na wafugaji kufika. Kazi ya pili ni ng'ombe, na hapana shaka aliyewachora aliwajua ng'ombe. Kazi ya tatu inarudi tena katika maumbo yasiyo na sura ya kitu, nayo yamkini ni ya mababu wa Wateso, waliofika katika nchi hii katika karne chache zilizopita.

Msomaji na atue hapa kidogo, maana katika mpangilio huo mna hoja. Watu wengi hudhani kuwa mchoro usio na sura ni kazi ya asiyejua kuchora. Husema: kwanza mtu huchora ovyo, halafu akiendelea kuelimika huchora ng'ombe. Lakini ukuta wa Kakapel haukubaliani nao. Waliokuja mwisho walikuta ng'ombe wamekwisha chorwa mbele ya macho yao, na wao wenyewe walikuwa wafugaji, wakiwaona ng'ombe zizini kila asubuhi. Hawakukosa mfano wa kuiga. Wakachora kisichokuwa ng'ombe. Basi kuchora bila kuiga sura kulikuwa uchaguzi, na mtu achaguaye jambo ana nia nalo.

Tena Kakapel hauko peke yake. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Kumi nchini Uganda, iko miamba ya Nyero, yenye duara nyingi nyekundu zilizo moja ndani ya nyingine. Katika Kisiwa cha Mfangano, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, ziko duara na mizunguko ya namna hiyo hiyo katika nchi ya Wasuba. Katika Kisiwa cha Lolui, upande wa Uganda, iko michoro, na pamoja nayo yako mawe makubwa yaliayo kama ngoma yagongwapo. Ukiziunganisha nukta hizi katika ramani utaona kuwa palikuwa na desturi moja iliyoenea nchi kubwa, na kwamba watu wake walijua walichokuwa wakitenda.

Ukuta una shahidi wake, naye ni udongo ulio chini yake. Wachunguzi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao kutoka nchi za ng'ambo wamechimba pale Kakapel, na habari za uchimbaji huo zilitolewa mwaka wa 2024. Walikuta dalili za watu kukaa mahali hapo tangu miaka 9,000 iliyopita. Walikuta punje ya kunde iliyoungua motoni, umri wake ukiwa kadiri ya miaka 2,300. Nayo ni ya zamani kuliko mimea yote ya shambani iliyopata kuchimbuliwa na kupimwa umri katika Afrika ya Mashariki mpaka wakati huo. Walikuta pia wimbi na mtama wa kadiri ya miaka 1,000 iliyopita. Kunde asili yake ni Afrika ya Magharibi. Wimbi ni zao lililozaliwa pande hizi zetu. Kwa hiyo chini ya mwamba mmoja zilikutana mbegu za mashariki na za magharibi, zamani sana kabla ya lori la kwanza kusimama Malaba.

Mifupa nayo ilitoa ushahidi. Mtu mmoja aliyezikwa hapo kadiri ya miaka 3,900 iliyopita alikuwa wa nasaba ya wawindaji wa kale. Wengine, waliozikwa katika miaka elfu moja hii ya mwisho, walikuwa na nasaba za watu waliohamia baadaye. Habari hizo zilitolewa mwaka wa 2020. Mbegu na mifupa hazituambii siku aliyochora mchoraji, lakini zinathibitisha neno ambalo ukuta umekuwa ukilisema kwa rangi: watu wa makabila mbalimbali walipishana hapa, kila mmoja akaacha alama yake.

Sasa na tulirudie lile swali letu la pili: palitendwa nini, na kwa mwendo gani? Mchoraji wa zamani hakuwa na duka la kununua rangi. Nyekundu ilitoka katika udongo wenye kutu ya chuma. Udongo huo lazima utafutwe, uchimbwe, ukaushwe, usagwe juu ya jiwe mpaka uwe unga laini, kisha uchanganywe na kitu cha kuushikamanisha, kama mafuta ya mnyama, au ute wa yai, au utomvu wa mti. Nyeupe ilitoka katika udongo mweupe au majivu. Baada ya hayo yote ndipo kidole, au kijiti kilichotafunwa ncha, kilipogusa mwamba.

Ufundi huu ni wa kale mno katika bara letu. Katika pango la Blombos, Afrika ya Kusini, walichimbua makombe mawili makubwa ya baharini yaliyotumiwa kama vyungu vya rangi miaka 100,000 iliyopita. Ndani yake mlikuwa na masalio ya udongo mwekundu uliosagwa, makaa, na mifupa iliyotolewa mafuta, pamoja na mawe ya kusagia. Katika pango hilo hilo kilionekana kipande cha jiwe kilichochorwa mistari myekundu iliyokatana, na umri wake ni miaka 73,000. Mistari ile si mnyama wala mtu. Mchoro ule, ambao ni mmoja wa michoro ya kale kuliko yote ijulikanayo duniani, hauna sura ya kitu.

Basi tuseme nini juu ya kazi ya namna hii? Ni mchanganyiko wa vitu vingi: udongo, mafuta, utomvu, makaa, na mwamba wenyewe na nyufa zake. Tena ni mfululizo wa matendo, na mchoro uonekanao ni tendo la mwisho tu la mfululizo huo. Asagaye rangi tangu asubuhi mpaka jua la utosi, huku wenzake wakiimba au wakiomba, amekwisha fanya sehemu kubwa ya kazi kabla hajaugusa ukuta. Kwa macho yetu iliyobaki ni duara. Kwake yeye duara ilikuwa kumbukumbu ya kazi yote.

Sisemi hivi kwa kubahatisha. Kule Mfangano, Wasuba waliendelea kuziheshimu sehemu zenye michoro kuwa mahali pa kuombea mvua, hata baada ya wachoraji wa kwanza kusahauliwa. Hawakuuliza ile duara ni sura ya nini. Walijua hapo panatendwa nini. Na katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, Wambuti wana desturi ya kuchora nguo za magome ya miti. Wanaume hulitwanga gome mpaka likawa laini kama kitambaa, na wanawake hulichora kwa maji ya matunda na makaa. Mistari yao hukimbia, hukatika, huanza tena, huacha pengo pasipotazamiwa. Haiigi kitu. Nguo hizo huvaliwa katika ngoma na sherehe, na wako wachunguzi wanaoona udugu kati ya mistari hiyo ya Ituri na duara zile za miamba yetu.

Hata katika miji yetu ya mashambani desturi ya namna hii iko. Mwanamke asiribapo sakafu ya nyumba ya udongo huchanganya udongo, samadi mbichi na maji, na pengine majivu, kisha huupitisha mkono wake kwa upinde, upinde baada ya upinde, mpaka sakafu yote ijae alama za vidole zilizopangika vizuri. Hakuna amwulizaye, "Hiki ni nini?" Kila mtu ajua kuwa ni usafi, ni heshima kwa mgeni, na ni mkono wa mwenye nyumba. Baada ya siku kadha alama hufutika kwa nyayo, naye husiriba tena. Kazi yake haiishi, wala haikukusudiwa kuisha.

Katika nchi za Ulaya na Marekani jambo hili lilizuka kama habari mpya katika karne ya ishirini. Miaka ya 1940 Mmarekani aitwaye Jackson Pollock alitandika turubai zake sakafuni, akazizunguka huku akimimina na kudondosha rangi, na watu wakaanza kusema kuwa mwendo wake wa kuchora ni sehemu ya mchoro. Mwaka wa 1969 jumba la sanaa la Whitney, New York, liliweka maonyesho ya kazi ambazo shabaha yake ilikuwa vitu vyenyewe na namna ya kuvitenda, si sura zilizotokea. Wapo walioshangaa, na wapo waliokasirika. Sitaki msomaji adhani kuwa watu wale waliiga Kakapel. Hawakuwa na habari zake. Nataka ajue tu kwamba fikira waliyoifikia wao kwa kuchoshwa na desturi ya kuiga sura, huku kwetu ilikuwa imekaa ukutani kimya kwa karne nyingi.

Sasa tutazame mstari wa namna nyingine, uliochorwa katika nchi hii hii. Mwaka wa 1902 Waingereza walilitoa jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mwaka wa 1926 mpaka uliandikwa katika sheria. Mstari ule ulichorwa kwa wino juu ya karatasi. Wateso wakawa wa pande mbili, Wasamia wakawa wa pande mbili, ndugu akavuka mpaka kumzika ndugu yake. Huo nao ulikuwa mchoro usiofanana na kitu cho chote kilichokuwa juu ya ardhi. Lakini ulikuwa na nguvu, na mpaka leo lori husimama mbele yake.

Linganisha basi michoro hiyo miwili. Waliochora mpaka hawakujali kilichokuwapo chini ya mstari wao. Waliochora Kakapel walikuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa mgeni katika nchi ya aliyetangulia, na yamkini hawakupatana katika mengi. Hata hivyo wa pili hakuikwangua kazi ya wa kwanza, wala wa tatu hakuikwangua kazi ya wa pili. Aliongeza yake juu au kando, na ya mwenzake ikabaki ikionekana. Kwa hiyo ukuta ule umekuwa kitabu cha historia kwa watu ambao hawakuacha kitabu kingine. Wawindaji wale hawakuacha barua, wala makaburi yenye majina, wala ukoo ujulikanao katika nchi hii. Zile duara zikifutika, hawana wakili mwingine.

Nazo zaweza kufutika. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki zenye michoro ya namna hii, wageni wameandika majina yao kwa makaa na kwa chaki, au wameyachonga kwa kisu. Wengine humwaga maji ukutani ili rangi ing'ae wapate kupiga picha, na maji huiondoa rangi kidogo kidogo. Moshi wa moto wa kupikia huufunika ukuta kwa masizi. Wavunja kokoto hupasua mawe ya matale kwa ajili ya ujenzi, maana riziki nayo haina budi kutafutwa. Sheria ya mwaka wa 2006 ya makumbusho na urithi wa Kenya inakataza kuharibu mahali pa namna hii. Lakini mwamba uko porini, na mlinzi hana macho ya kuona usiku na mchana.

Najua mwanafunzi mwenye akili ataniuliza: "Mwalimu, umetuambia kuwa watu wa namna tatu walichora juu ya ukuta mmoja, nawe umewasifu kwa hilo. Kwa nini basi mimi, mtu wa nne, nikataliwe kuandika jina langu?" Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kiboko.

Jibu langu ni hili. Tazama mwendo wa kazi. Wale walichimba, wakasaga, wakachanganya, wakangoja. Na walichokiweka ukutani kilikuwa cha kundi zima, kwa ajili ya jambo lililowahusu wote. Aandikaye jina lake kwa kaa la moto hutumia dakika moja, kwa ajili yake peke yake, na neno lake lote ni kuwa alifika. Tena wale waliongeza pasipo kuondoa. Kisu kinapochonga jina huondoa uso wa mwamba pamoja na rangi iliyokuwa juu yake, na kilichoondoka hakirudi. Mtu wa nne wa namna hiyo haendelezi kazi ya wale watatu, anaikomesha.

Lakini haifai kumkataza kijana tendo moja bila kumwonyesha jingine. Ikiwa wataka kuwa mtu wa nne kwa haki, anza walikoanzia wao. Tafuta udongo mwekundu katika kingo za mto wa kwenu na udongo mweupe mahali wanapouchimba akina mama. Saga, chekecha, changanya na mafuta au utomvu, uone upi unashika na upi unapukutika. Mwulize nyanya yako namna alivyosiriba ukuta, uandike maneno yake na kabila la kila udongo alilolitaja. Chora juu ya karatasi, au ubao, au ukuta wa nyumba ambayo mwenyewe amekuruhusu. Na mtu akija akakuuliza, "Hiki ni nini?" mweleze ulichokitenda tangu mwanzo hata mwisho, hatua kwa hatua. Akikusikiliza mpaka mwisho, atakuwa ameanza kuujua mwamba wa Kakapel hata kabla ya kuuona. Na siku atakayofika pale, ataiweka mikono yake nyuma ya mgongo, atazame.